Aliyejibu kwa Wakati Uliopita

Katika mji huu kila siku ni Jumamosi, na kila Jumamosi ni siku ya mafundisho. Msiniulize Jumapili ilikwenda wapi. Niliwahi kuuliza nilipokuwa kijana, nikaambiwa itakuja watoto watakapokuwa tayari, na tangu hapo nimekuwa nikiwaandaa. Nimewaandaa miaka arobaini, au asubuhi moja ndefu, sina hakika, maana saa ya mnarani huenda mbele ikipenda na kurudi nyuma ikinuna. Watoto wanaingia darasani na mapengo ya meno ya utotoni, nageuka kuandika ubaoni, nikiwatazama tena nawakuta na mvi. Nikikohoa wanarudi utotoni. Skolastika anayekaa benchi la mbele leo ndiye bibi yake aliyekaa benchi hilohilo, na wote wawili wana tabia ya kunyoosha kidole kabla swali halijaisha.

Mimi ni Mwalimu Onesmo, katekista. Nawaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, itakayotolewa Jumapili ya kwanza itakayokubali kufika. Nina ubao, chaki, daftari la mahudhurio na picha moja ukutani. Picha ni ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, mama mweusi aliyevaa mavazi ya kitawa, mwenye macho ya mtu anayesikiliza. Ilikatwa kwenye kalenda ya mwaka ambao bado haujaingia. Watoto wanaipenda mno. Kila anayeingia hubusu vidole vyake kisha huigusa shavuni, na kwa kuguswa hivyo shavu la upande wa kulia limeshafifia.

Chini ya picha hiyo kuna kiti. Kwenye kiti hicho anakaa mtoto mmoja peke yake, na hakuna anayemgusa. Wakiinua mkono kulifikia shavu la mtakatifu, wanaupitisha mbali na kichwa cha mtoto, huku wameziba pua. Hii ndiyo habari ninayotaka kuiandika, na nimeshakasirika kabla sijaianza.

Swali langu ni fupi na limenizeesha. Inawezekanaje moyo mmoja, mdogo, wa miaka tisa, umpende aliye ukutani na umkimbie aliye kitini, ilhali wanafanana? Nimelizungusha swali hili mpaka likanizungusha lenyewe. Wakati mwingine nadhani tunampenda mtakatifu kwa sababu amekufa, na aliyekufa haombi nafasi ya kukaa. Picha haina njaa. Picha haichoti maji kisimani kwetu. Ukiichoka unaipa kisogo, nayo haikuulizi kwa nini. Mtu aliye hai ana kasoro moja kubwa, kwamba yupo.

Mtoto wa kitini ni wa watu wa ng'ambo. Walikuja kwa miguu wakivuka ziwa, na ziwa likakauka nyuma yao, kwa hiyo hawawezi kurudi wala hawawezi kusema walikuja kwa chombo gani. Wamejenga mabanda upande wa pili wa ukuta wa kanisa, hatua mia tatu hivi kutoka darasani kwangu. Mji wetu, ambao una jina la kila kitu, uliwapa jina siku ileile. Ukawaita vijavyo. Mmoja wao ni kijacho. Nami, ambaye kabla ya katekisimu nilifundisha sarufi, nilisikia kitu kikinikwaruza masikioni. Mtu hukaa katika ngeli ya mtu. Mtu huja, na anayekuja ni ajaye. Kijacho ni kiti, kikapu, kidonda. Mji mzima ulikuwa umewatoa watu kwenye ngeli yao na kuwapanga pamoja na vyombo, na haukuwa umemwaga hata tone la damu. Ulibadilisha silabi mbili tu.

Basi nikaanza vita yangu hapo.

"Mwalimu," Skolastika alisema siku ya kwanza, "kijacho kimekaa kwenye benchi letu."

"Mtoto. Amekaa."

"Mtoto amekaa kwenye benchi letu. Kitoke?"

"Atoke!" nikafoka. "Namaanisha, asitoke. Sema: asitoke."

"Asitoke," darasa zima likaitikia kwa sauti nzuri ya kanisani, na lilipomaliza kuitikia, wote wa benchi lile wakahama. Mtoto wa ng'ambo alibaki amekaa peke yake mwisho wa benchi refu, na benchi likainuka upande wa pili, akaanguka. Ndipo nilipomletea kiti na kukiweka chini ya picha. Nilijiona nimetenda jambo la huruma. Nilisahau kwamba hata mwizi hupewa kiti chake peke yake mahakamani.

Siku hiyohiyo nilifungua daftari nimwandike.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Sikujua," akasema.

Watoto wakacheka. Nikawanyamazisha kwa rula. Kisha nikamgeukia kwa upole, upole ule wa mwalimu ambaye ameona kosa na amefurahi kuliona.

"Hapana. Sikujua ni wakati uliopita. Jana hukujua, mwaka jana hukujua. Mimi nakuuliza sasa. Kama sasa hivi hujui, unasema sijui. Haya, unaitwa nani?"

"Sikujua."

"Si-jui."

Alinitazama. Alitazama rula. Wale wengine walikuwa wamekunja midomo wakingoja kucheka tena. Akainamisha kichwa.

"Sijui," akasema.

"Vizuri sana," nikamwambia, na nikaandika kwenye daftari: hajui jina lake.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojidanganya nikiwa nimevaa miwani. Sikuhuzunika. Nilifurahi! Kwa maana nilikuwa na picha ukutani ya mtoto mwingine aliyesahau jina lake, na sasa Mungu alikuwa ameniletea mfano hai. Mwalimu anayeishiwa mifano ni mtu hatari. Nikasimama mbele ya ubao nikawasimulia, kama nilivyowasimulia bibi zao, habari za msichana mdogo wa Darfur aliyekwenda matembezini shambani, wanaume wawili wakamteka. Alipoulizwa jina, hofu ilikuwa imekwisha kulifuta kichwani mwake. Wakambandika lao. Wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati.

"Mwenye bahati!" nilinguruma, na chaki ikanivunjikia. "Wamemwiba kwa mama yake, halafu wanamwita mwenye bahati. Mnaona dhihaka hiyo? Mnaona ukatili wa kumpa mtu jina ambalo hukumuuliza kama analitaka?"

"Tunaona, Mwalimu."

Niliwasimulia jinsi alivyouzwa na kuuzwa tena, jinsi walivyomchanja mwili na kupaka chumvi kwenye majeraha ili michoro isifutike. Kasiani, mtoto mgumu kuliko wote, ambaye hulia tu akinyimwa mpira, alilia. Niliwasimulia Italia, nyumba ya masista, na jinsi bibi aliyekuwa akimmiliki alipokuja kumchukua, naye kwa mara ya kwanza maishani akasema hapana. Mahakama ikaamua kwamba yeye ni mtu huru. Niliwasimulia miaka aliyokaa kama bawabu, akifungua mlango, akiwawekea mikono kichwani watoto waliokuwa wakija shuleni. Darasa lilikuwa kimya hata ukasikia saa ya mnarani ikihesabu kinyumenyume.

"Sasa," nikasema, "hapa kwetu tunaye mtoto kama yeye. Hajui jina lake. Kwa hiyo sisi tutamwita Bahati."

Hakuna aliyenisimamisha. Hata picha haikuanguka ukutani.

Tangu siku hiyo nilimwita Bahati, na kila nilipomwita hakuitika. Nilikuwa nimewafundisha wote adabu ya kuitika, wavulana naam, wasichana abee. Nikisema "Skolastika", abee. Nikisema "Kasiani", naam. Nikisema "Bahati", kimya, na macho yale yananitazama bila chuki wala kiburi, yananitazama tu, mpaka nageuza karatasi. Nilimwandikia: mzito wa kuitika.

Komunyo katika mji huu hupokelewa wawili wawili. Watoto huingia kanisani wameshikana mikono, kila jozi na mshumaa mmoja. Asiye na mwenzake haingii. Watoto wangu ni arobaini, na hesabu ya jozi ingekamilika vizuri kabisa kama mmoja wao asingekuwa yeye. Nikawauliza siku ileile, machozi ya kumlilia Bakhita yakiwa hayajakauka.

"Nani atashikana mkono na Bahati?"

Kasiani alikuwa bado anafuta kamasi. Alitazama dirishani. Mapacha wa benchi la pili wakashikana upesi wasije wakatenganishwa. Skolastika akanyoosha kidole, nami nikapata tumaini, mjinga mimi.

"Mwalimu, mama amesema mikono yao ina ukungu. Ukiishika, jina lako linatoka."

"Mama yako amelitoa wapi hilo?"

"Kwa bibi."

"Na bibi?"

"Kwa mama."

Nilirusha kifutio. Kiligonga ukuta, vumbi jeupe likawamwagikia wote, na kwa muda mfupi wote wakawa na mvi, bibi na babu arobaini kwenye mabenchi wakinitazama kwa nyuso zilezile nilizozifundisha Jumamosi ya kwanza. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimewasimulia mara arobaini, mara arobaini mmelia, na machozi yenu hayajasogeza benchi hata inchi moja. Nilipiga kelele hiyo. Wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu."

Orodha ya watakaopokea huandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi wa mlango wa kanisa, na kengele ya adhuhuri ikilia mwenyekiti wa akina mama huisoma kwa sauti, kila mtoto akiitika kwa jina lake. Kisha haibadilishwi. Mwenyekiti ni mama yake Skolastika, mwanamke nadhifu, mwenye sauti inayofika kila chumba kabla yake. Alinikuta mlangoni nikimalizia mstari wa arobaini. Niliandika: Bahati.

"Mwalimu Onesmo, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mama."

"Huyo wa mwisho ni nani?"

"Ni yule mtoto wa ng'ambo."

"Hilo ni jina lake? Alipewa na mzazi wake?"

Nikajifanya nanyoosha herufi ya mwisho.

"Baba Paroko amesema jina liwe la mzazi, lisiwe la kubandika. Mimi sina ubaya na mtu, Mwalimu, unanijua. Nampenda Bakhita, nina picha yake sebuleni kubwa kuliko ile yako ya darasani. Lakini utaratibu ni utaratibu. Kengele ikilia na jina halipo, futa. Au nitafuta mwenyewe."

Alikwenda kusimama kivulini kungoja kengele. Nami nikabaki na chaki mkononi nikiuchukia mji, nikimchukia mama yule, nikiichukia sarufi, nikimchukia hata Bakhita kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu aliwahi kusema kwamba akikutana na waliomteka angepiga magoti na kuibusu mikono yao, na mimi sikuweza hata kumtazama mwenyekiti wa akina mama bila meno kusagika.

Najua. Sijui. Nilijua. Sikujua. Nitajua. Sitajua. Nilizifundisha nyakati hizi miaka mingi kana kwamba ni vyumba vya nyumba moja na mtu anaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine. Si kweli. Anayesema sijui bado ana mlango, anaweza kuuliza. Lakini sikujua ni chumba kilichokwisha kufungwa. Anayesema sikujua tayari anajua, na amejua kwa kuchelewa. Ni neno la mtu anayesimama mbele ya kitu kilichovunjika. Nikajiuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini mtoto wa miaka tisa alilichagua neno la wazee.

Nilitembea hadi lango la ukuta ili nipate hewa. Sikuwahi kulivuka. Nasema wazi: hatua mia tatu, na sikuwahi kwenda kumuuliza mzazi wake. Nilijiambia kuna matope. Ziwa lilikuwa limekauka, matope yangetoka wapi?

Wanawake wa ng'ambo hungoja watoto wao nje ya lango, kwa maana mlinzi hawaruhusu kuingia ndani. Nilikuwa nimeegemea nguzo niliposikia mmoja akisema kwa sauti, "Mama, sikujua!" Nikafikiri kuna mtu anaomba radhi. Nikafurahi kidogo kwamba hapo wakati uliopita umetumika sawasawa.

Akasema tena, "Mama Sikujua! Mutoto wako amesha kutoka?"

"Bado," akajibu mwingine, mwembamba, aliyekuwa amechuchumaa ukutani.

Nikageuka. Hata mtu asiye na shule anajua kwamba katika lugha yetu mama huitwa kwa jina la mwanawe. Nilivuka lango. Nilipiga hatua moja tu, wala sikuhitaji zile mia tatu.

"Mama, samahani. Wewe unaitwa Mama nani?"

Aliinuka haraka, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Shikamoo, Mwalimu. Mutoto amefanya kosa?"

"Hajafanya kosa. Jina lake ni nani?"

"Jina yake njo Sikujua. Hakukuambia?"

Mdomo wangu, mdomo huu uliozoea, ulitaka kumsahihisha: jina lake ndilo. Niliubana kwa mkono. "Aliniambia," nikasema.

"Siku nilimuzala," mama akaendelea, kwa vile sikuondoka, "baba yake alikuwa amekufa, siku tatu zimepita. Watu yote walijua. Waliniletea uji, walicheka na miye, wananificha. Miye nilikuwa namungojea aje aone mutoto. Kiisha nikaambiwa. Njo nikamuita Sikujua. Ni jina ya uchungu, lakini ni yake. Baba yake hakumuachia kitu kingine." Akanitazama usoni. "Anasema pale shuleni mulimukataza kusema jina."

"Nilimkataza mimi."

"Juu ya nini?"

Kwa nini? Niulizeni nyinyi. Niulizeni juu ya nini. Mtoto alifika kwangu akiwa na jina, na jina lake lilikuwa kaburi la baba yake, akalitaja mara mbili kwa adabu, nami nikalipiga kwa rula mpaka likawa sijui. Kisha nikampa jingine. Nikamwita mwenye bahati. Watekaji wa Bakhita walikuwa wawili, na kwa miaka arobaini nimewalaani mbele ya watoto, nikachora hata mapanga yao ubaoni. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angeweza kuwa na chaki. Nilikuwa nikipigania silabi za wenzangu, kimekaa, amekaa, na mwenyewe nilikuwa nimeiba neno zima. Watoto hawakukosea kujifunza kwangu. Walijifunza nilichokuwa nikikifanya, na nilichokuwa nikikisema walikiitikia tu.

Ilikuwa aibu, aibu ya kumfanya mtu mzima atake kukojoa. Sina neno la kitaalamu la kuieleza.

"Mama Sikujua," nikasema, "njoo ndani."

"Mulinzi atakataa."

"Atanikataa mimi kwanza."

Tulipita. Mlinzi alifungua mdomo, akaniona uso, akaufunga. Juu ya mnara mishale ya saa ilikuwa inakimbilia namba kumi na mbili kutoka pande zote mbili. Nilifika mlangoni, nikafuta Bahati kwa kiganja. Nikaandika jina alilopewa na mama yake, polepole, kwa herufi kubwa. Niliona aibu kulitamka. Nilikuwa nimeliharibu kwa ulimi mara moja, sikustahili kuwa wa kwanza kulitaja. Kengele ikalia.

Watoto walitoka darasani kwa msururu. Yeye alikuwa wa mwisho, na nafasi kubwa mbele yake. Wazazi wakajaa uani. Mama yake alisimama nyuma ya wote, karibu na nguzo. Mwenyekiti wa akina mama akatoka kivulini, akavaa miwani, akaweka kidole juu ya jina la kwanza na kuanza kusoma kwa ile sauti yake inayofika kila chumba. Skolastika, abee. Kasiani, naam. Kidole kikashuka. Mapacha wakaitika kwa pamoja. Thelathini na nane, thelathini na tisa. Nilimwona akinitupia jicho, tayari ameshika kifutio mkononi, ana hakika kwamba mstari wa mwisho ni ule alioukataa. Kisha akautazama na kukunja kipaji.

"Sikujua," akasoma.

Akangoja. Alidhani sentensi inaendelea. Alisogeza kidole kulia akitafuta kilichobaki, hakukuta kitu, ni mbao tu. Uwanja mzima ulimkodolea macho, kwa maana hakuna aliyewahi kumsikia mwenyekiti akisema neno hilo. Skolastika akanyoosha kidole kunikumbusha wakati uliopo. Nikamtikisia kichwa, akakishusha.

Mwenyekiti akarudia, safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema na nafsi yake.

"Sikujua."

"Abee," mtoto akaitika.